Warsha za kazi kwa mtafiti wa sayansi ya data: nenda zipi, nenda na nini

SWALI

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu katika sayansi ya data, mwaka wa pili. Kwetu ni Lamu, na utafiti wangu ni kupima mikoko ya visiwa vyetu kwa picha za setilaiti. Kila wiki naletewa mialiko ya mihadhara na warsha za kazi: mara kuandika wasifu, mara mahojiano, mara mtu wa benki anakuja kusimulia alivyoajiriwa. Msimamizi wangu anasema hizo ni chai na vitumbua, nikae niandike tasnifu. Na mimi kutoka Lamu ni boti hadi Mokowe, kisha basi, na nauli si kidogo. Je, niende? Nikienda, nifanyeje nisirudi kama nilivyokwenda? Naogopa kusema mbele za watu, na sitaki kuhamia Nairobi."

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nenda, ila usiziendee zote, na usiende kusikiliza tu. Msimamizi wako hajakosea kabisa. Nyingi katika warsha hizo ni chai na vitumbua kweli, na sijaona mwajiri aliyemchukua mtu kwa sababu ya cheti cha kuhudhuria. Lakini mwanafunzi anayejifungia na kompyuta miaka minne, akatoka na tasnifu iliyosomwa na msimamizi na watahini basi, naye hufika mlangoni mwa mwajiri hajui aanzie wapi.

Kabla hujashika nauli, jiulize: huko niendako, yuko mtu atakayeitazama kazi yangu? Kama ipo nafasi ya kubandika bango, au ya kusema dakika tatu, au ya kukaa mezani na mtu akausoma wasifu wako kalamu mkononi, funga safari. Kama ni ukumbi na jukwaa na mtu wa kusimulia alivyofanikiwa, tazama rekodi ukiwa nyumbani, uiharakishe kidogo, kisha urudi kwenye tasnifu. Masimulizi hayo yana ila moja kubwa: anayealikwa kusimulia ni yule aliyefaulu. Wenzake waliopita njia ileile wakakwama hawaitwi. Wewe ni mtu wa takwimu, unajua sampuli ya namna hiyo inafaa kwa nini na haifai kwa nini.

Ziko shule fupi na makongamano ya Kiafrika yanayostahili nauli. Data Science Africa ilianza Nyeri mwaka 2015, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kisha ikaenda Kampala, Arusha na miji mingine. Desturi yake ni siku za mafunzo ya kukaa kwenye kompyuta, halafu warsha ya watu kuonyeshana walichofanya. Deep Learning Indaba ilianza Johannesburg mwaka 2017, ikaja Nairobi 2019, na 2025 ilikuwa Kigali. Huko bango la mwanafunzi husomwa na watu ambao majina yao umeyaona kwenye makala tu, na wanafunzi huweza kuomba msaada wa nauli. Fomu za msaada hufungwa miezi kabla ya kongamano lenyewe, kwa hivyo anayengoja mpaka aone picha za wenzake mtandaoni amekwisha kuchelewa mwaka mzima. Ukitaka ya mbali zaidi, iko ICTP ya Trieste, Italia, kituo alichokianzisha Abdus Salam mwaka 1964 kwa ajili ya wanasayansi wa nchi zinazoendelea. Mwaka 2016 kilianza kuwa mwenyeji wa shule ya data za utafiti ya CODATA na RDA, mashirika mawili ya kimataifa yanayoshughulikia data za sayansi.

Anayetaka kuonyesha kazi yake huko mara nyingi huanza kwa kuandika ikisiri, yaani muhtasari mfupi wa utafiti, na hapo ndipo faida inapoanzia, hata kabla ya safari. Ikisiri inakulazimisha useme kwa maneno mia mbili umeuliza nini na umeona nini. Wanafunzi wengi hugundua wakiiandika kwamba wana mbinu nzuri lakini hawana swali. Ni heri kuligundua hilo mwaka wa pili kuliko mbele ya watahini.

Sasa hofu yako ya kusema. Sitakuambia ujiamini, maana maneno hayo hayajamsaidia mtu yeyote. Nitakupa zoezi. Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kilianzisha mwaka 2008 mashindano ya kueleza tasnifu kwa dakika tatu: slaidi moja isiyo na michoro ya kutembea, na ukizidisha muda umetoka. Vyuo vingi duniani vimeyachukua. Hata kama hutashindana popote, itengeneze tasnifu yako kwa umbo hilo. Hofu nyingi ni hofu ya kupotea katikati ya maneno, na maneno ya dakika tatu hayana katikati ya kupotelea.

Usianze kwa kusema una furaha kubwa kusimama hapo. Wala usianze na mchoro wa mtandao wa neva, ile programu inayoiga ubongo, maana kila aliye ukumbini ana wa kwake. Anza na mikoko. Sema zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na kuizunguka yote kwa mguu na mtumbwi ili kuipima ni kazi isiyokwisha. Sema setilaiti za Sentinel-2 hupiga picha visiwa vyetu kila baada ya siku tano, pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, ikiwa ni mita kumi kwa kumi, na picha hizo ni za bure. Kisha, kabla msikilizaji hajajiuliza ugumu uko wapi, mwambie: ugumu uko kwenye maji.

Hapa nataka tukae kidogo, maana mhadhara wako utasimama au utaanguka hapa.

Sentinel-2 hupita juu yetu mnamo saa nne na nusu asubuhi, na kila ikipita ni karibu na saa hiyohiyo, kwa sababu njia yake imepangwa kulifuata jua. Bahari nayo inafuata mwezi. Katika pwani yetu, siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa wingi, saa hizo maji huwa yamekupwa au yanamalizia kupwa. Siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, saa hizohizo maji huwa yamepanda. Kwa hivyo mchu uleule, mti wa jamii ya mikoko, kwenye picha mbili zilizopishana siku chache, mara moja unaonekana umesimama kwenye tope na mara nyingine umesimama majini, na programu isiyojua habari ya mwezi itatangaza kwamba msitu umepungua. Mvuvi wa Kizingitini angekuuliza hilo kabla ya profesa: picha hii ilipigwa bamvua au maji mafu? Ukiwa umezipanga picha zako kwa hali ya maji tangu mwanzo, wasikilizaji watajua wana mbele yao mtu anayepajua mahali anapopasemea. Mtu aliyekaa Munich anaweza kushusha picha zilezile; hata za Landsat, setilaiti za Marekani, zimekuwa bure tangu 2008. Asichoweza kushusha ni hicho unachokijua wewe tangu utotoni. Basi kiweke kwenye slaidi, usikifiche kwenye kiambatisho cha tasnifu kwa kuona ni mambo ya nyumbani.

Swali la pili litahusu ulivyoijaribu modeli yako, yaani programu uliyoifundisha kutambua mikoko. Wanafunzi wengi huchanganya pikseli zote, wakachukua asilimia 80 za kufundishia na 20 za kujaribia kwa bahati nasibu. Matokeo hutoka mazuri mno. Sababu ni kwamba pikseli ya kujaribia imelala ubavuni mwa pikseli ya kufundishia, mita kumi tu, na majirani hao wanafanana karibu kwa kila kitu. Modeli haijajifunza mikoko ilivyo, imekariri mtaa. Wewe Mungu amekupa visiwa. Fundisha kwa Manda na Pate, halafu jaribu Kiwayu, mahali ambapo modeli haijawahi kupaona. Namba itashuka. Iseme hivyohivyo ilivyoshuka, pamoja na ile ya kwanza, na ueleze tofauti imetoka wapi. Waajiri na waamuzi wenye uzoefu hufuata mtu kama huyo mpaka mlangoni.

La tatu ni usahihi. Ukijigamba kwamba programu yako ni sahihi kwa asilimia 95, na asilimia 95 ya eneo lako ni bahari, mchanga na vichaka, mtu atanyanyua mkono aseme: hata nisemapo hakuna mkoko hata mmoja Lamu nzima, nami nitakuwa sahihi kwa asilimia 95. Toa namba mbili zilizotengana: mikoko mingapi halisi programu imeikosa, na mara ngapi imeita mkoko kitu ambacho si mkoko. Afisa wa misitu atajali ya kwanza kuliko ya pili, au kinyume chake, kulingana na anachotaka kuamua. Mjue msikilizaji wako ni yupi.

Ukiulizwa usilolijua, lirudie swali kwa maneno yako, useme ungelijaribuje, kisha mwombe aliyeuliza muonane nje. Watu wanaoheshimika katika fani hii hufanya hivyo kila mara. Na ukishakuwa nje, hapo ndipo mhadhara unapoanza kuzaa.

Zoezi la kwanza lifanye nyumbani kwa Kiswahili, mbele ya shangazi au mjomba asiyejua kwamba Python ni lugha ya kuandikia programu. Akikukatiza, andika alipokukatizia. La pili lifanye kwa wenzako wa darasa, kwa lugha ya kongamano. La tatu lifanye na saa. Hifadhi slaidi kwenye simu pia na kwenye kijiti cha USB, na usiitegemee intaneti ya ukumbini.

Na tahadhari moja. Kama tasnifu yako ina majina ya wakataji wa boriti, au alama za nyumba zao, au mahali hasa walipokata, hayo hayaonyeshwi kwenye slaidi. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na kibali chako cha utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kina masharti yake. Zaidi ya sheria, wewe ni mtu wa huko. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti mwaka 2018, wakataji wa mikoko wa Lamu waliumia riziki. Ramani yenye nukta nyekundu mahali watu wanapokata, ikishapigwa picha kwa simu na mtu wa safu ya tatu, hairudi tena mikononi mwako. Onyesha eneo kwa ujumla.

Tuje kwenye warsha za wasifu na mahojiano, ambazo ndizo msimamizi wako anazozicheka zaidi. Mimi nazicheka nusu. Warsha ya wasifu haina maana kwa asiye na wasifu mkononi. Ukienda mikono mitupu utapewa kanuni za jumla unazoweza kuzisoma popote: ukurasa mmoja au miwili kwa kampuni, mrefu zaidi kwa chuo, picha usiweke. Ukienda nao umechapishwa, na tangazo la kazi halisi pembeni, unapata mtu wa kuukosoa mbele yako. Nakupa mfano wa kukosoa. Wanafunzi wengi huandika: "Nina ujuzi wa Python, R, SQL na ujifunzaji wa mashine." Mstari huo unamwacha msomaji pale alipokuwa. Linganisha na huu: "Niliandika programu ya Python inayotenganisha mikoko na maji kwenye picha za Sentinel-2 za visiwa vya Lamu, ikizingatia kupwa na kujaa, programu na maelezo yake viko wazi GitHub." Wa pili unaweza kuulizwa maswali, na ukiulizwa majibu unayo. Hiyo ndiyo kazi ya wasifu, kuvuta maswali unayoyataka.

Hakikisha hicho kilichoko GitHub, tovuti ya kuweka programu hadharani, kinafunguka. Mwajiri atakayekigusa atakipa dakika mbili au tatu. Anataka kuona maelezo mafupi ya mradi ni wa nini, data imetoka wapi, na amri gani ya kuanzia. Daftari la Jupyter, faili la kuandikia programu na matokeo yake pamoja, lenye mistari mia tano isiyo na maelezo hata mamoja, na faili zilizoitwa "mwisho", "mwisho2" na "mwisho_kabisa", linakuvunjia heshima kuliko kutokuwa na kitu.

Warsha za mahojiano zina thamani zikiwa za kutendana: mmoja anauliza, mmoja anajibu, wa tatu anaandika. Wengi hujiandaa kwa maswali ya mitandao ya neva, kumbe benki, kampuni za simu na mashirika ya misaada mara nyingi huanza na SQL, lugha ya kuuliza data zilizo kwenye majedwali: unganisha majedwali mawili, hesabu wateja wasioonekana miezi mitatu, eleza kwa nini jumla hazilingani. Wengine hukupa data chafu ya kwenda nayo nyumbani na kuirudisha na ukurasa mmoja wa maelezo kwa mkuu asiyejua takwimu. Hilo la mwisho ndilo linalowaangusha wenye uzamivu, maana wamezoea kuandikia watu wanaokubaliana nao juu ya kila istilahi. Mshahara usiutaje wa kwanza. Waache wataje wao, na kabla ya siku hiyo uwe umeulizia kwa watu wawili watatu walio ndani ya kazi kama hiyo.

Hutaki kuhamia Nairobi. Nakuelewa, nami niko Malindi, na sina nia ya kuondoka. Kazi za fani hii huku kwetu ni chache lakini zipo, na baadhi ni za hali ya juu kuliko watu wanavyodhani. Kilifi kuna programu ya utafiti ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome Trust ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1989, ambayo tangu 2000 imekuwa ikifuatilia vizazi, vifo na uhamaji wa watu wa maeneo yanayoizunguka hospitali. Data za namna hiyo zinahitaji watu wa kuzisafisha, kuzihifadhi na kuziuliza maswali. Kipo Chuo Kikuu cha Pwani hapohapo Kilifi. Vyuo vikuu vya Kenya kwa kawaida hudai uzamivu kwa cheo cha mhadhiri, na wewe uko njiani kuupata. Mombasa kuna KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi. Kaunti zinakusanya majedwali ya hospitali, ya ardhi na ya mapato, na nyingi hazina mtu wa kuyasoma. Bandari mpya ya Lamu, iliyoanza kupokea meli mwaka 2021, nayo itataka watu wa hesabu zake.

Tena kuna Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ambayo vijana wa hapa huipita bila kugeuka. Mnamo tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa inasherehekea uhuru wake. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kupima eksirei za angani, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti ule, alishiriki Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Roketi hazirushwi tena, lakini antena za kituo cha Luigi Broglio zimeendelea kupokea: darubini ya anga ya Swift, iliyorushwa na Marekani mwaka 2004, imekuwa ikiteremsha data zake kupitia hapa Malindi. Fikiria kazi iliyo nyuma ya sentensi hiyo. Mtu anapokea, anakagua kama kuna kilichopotea, anatia tarehe, anahifadhi, anapeleka mbele. Hakuna anayemwalika kutoa mhadhara, ila bila yeye hakuna data ya kuchambua. Nawashauri wanafunzi wangu wote waijue kazi hiyo ya chini, ya kupokea na kutunza data, kwa sababu watu wanaoweza kutengeneza modeli ni wengi siku hizi kuliko wanaoweza kuhakikisha data imefika salama. Na kwa anayetaka kukaa pwani akifanyia kazi kampuni ya mbali, ujuzi huo huajirika vizuri.

Kwa hivyo mialiko ikija, chagua kwa mzungumzaji pia. Mtu wa benki anayesimulia maisha yake mwache. Mtu wa benki anayekuja kuonyesha jinsi wanavyogundua mkopo utakaokwama, na walikosea wapi, msikilize hata kama hutaki kazi ya benki. Tatizo lake ni lako: wasiolipa ni wachache kati ya wengi wanaolipa, kama mikoko ilivyo michache kati ya maji mengi.

Baada ya mhadhara usikimbilie foleni ya kupiga picha na mzungumzaji. Muulize swali moja linalotokana na alichosema. Kabla siku mbili hazijapita, mwandikie barua pepe fupi: wewe ni nani, alisema nini kilichokugusa, umekijaribu ukaona nini, na kiungo cha kazi yako. Usiombe kazi. Anayejibu barua ya namna hiyo huanza yeye mwenyewe kuuliza unamaliza lini.

Kuhusu msimamizi, usishindane naye kwa maneno. Panga safari za Kilifi au Mombasa ziangukie siku za kikao chenu, ili nauli moja ifanye kazi mbili na asikuone unatangatanga. Kila ukirudi, mpelekee nusu ukurasa: niliulizwa hili, tasnifu imebadilika hapa. Akiona sura ya tatu imenyooka kwa sababu ya swali la mtu wa Kampala, utani wa vitumbua utapungua. Na mwombe akusikilize ukifanya mazoezi. Wasimamizi wengi wanaodharau warsha hawajawahi kuombwa hilo.

Jihadhari na makongamano ya uongo. Mwaliko unaokusifu wewe "mtaalamu mashuhuri" hali uko mwaka wa pili, unaotaja fani kumi zisizohusiana, unaokubali ikisiri usiku uleule ulioituma, kisha unadai ada ya usajili haraka, huo ni mtego. Muulize mtu aliyehudhuria mwaka uliopita. Kama humpati hata mmoja, umeshajibiwa.

Jambo ambalo ningependa ulifanye zaidi ya yote halihitaji boti wala basi. Kusanya watu huko huko Lamu. Jumamosi baada ya Alasiri, chumba cha kompyuta cha shule yoyote ya sekondari, au baraza la mtu kama umeme umekatika. Mwite mwalimu wa hesabu, mtu wa hospitali anayejaza majedwali ya kila mwezi, kijana wa SACCO, askari wa misitu, na mwanafunzi yeyote aliyerudi likizo. Mmoja anasema dakika kumi, wengine wanauliza mpaka Magharibi. Hakuna projekta? Chapisha grafu mbili, zizungushwe mkono kwa mkono. Tena grafu inayosomeka kwenye karatasi ni grafu nzuri. Wa mbali anaweza kuingia kwa simu kama bando lipo. Mzee wa boriti akija, mkalishe mbele. Anajua tofauti ya mkoko wenyewe na mkandaa, aina nyingine ya miti hiyo, kwa kugusa gome, na ramani yako itasahihishwa mbele yake kabla ya kwenda kuaibika kwa wageni. Mkikutana mara chache tu hivyo, hofu ya ukumbi mkubwa itakuwa imepata dawa, na kwenye wasifu utakuwa na mstari wa kweli: kwamba uliandaa na kuongoza mihadhara ya data katika kaunti yako.

Mwaka huu jichagulie kongamano moja la bango na warsha moja ya mahojiano, basi. Andika ikisiri sasa, hata kama fomu hazijafunguliwa. Iwe maneno mia mbili yasiyozidi, itaje kupwa na kujaa katika sentensi tatu za kwanza, na itoe namba ya Kiwayu, si ile ya pikseli zilizochanganywa. Ukimaliza nitumie, pamoja na ile slaidi yako moja, nitakurudishia nikiwa nimeichora wino mwekundu.